Siku Sita za Nani? Majina ya Vita vya Kolwezi katika Vitabu, Filamu na Picha

Mji wa Kolwezi umeandikwa sana. Anayefuatilia maandishi hayo atagundua upesi kuwa kurasa nyingi hazihusu shaba na kobalti, wala maisha ya wafanyakazi wa Union Minière, na baadaye Gécamines, waliokulia Musonoi na Manika. Zinahusu siku chache za mwezi wa Mei 1978. Makala haya hayakusudii kusimulia tena mapigano ya siku hizo, kwani yamekwisha kusimuliwa mara nyingi. Yanakusudia kuchunguza jinsi mapigano hayo, pamoja na yale yaliyoyatangulia, yalivyopewa majina, na ni nani aliyeyapa. Hoja inayotetewa ni kwamba jina la vita ni hukumu ya kwanza inayotolewa juu yake. Kiswahili cha Katanga, ambacho ndicho lugha ya mitaa ambamo watu walijificha risasi, kimeshiriki kidogo mno katika kuitoa hukumu hiyo. Na pale kiliposhiriki, hakikusimama daima upande wa wanyonge.

Kwa ufupi, matukio yalikuwa kama ifuatavyo. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Mnamo Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yakiwa yanasonga mbele, Kolwezi ilikuwa ndiyo ngome ya mwisho ya serikali yake, na mitambo ya umeme ya jirani ilikuwa imetegwa baruti. Tarehe 14 mwezi huo alikubali kuwa kujitenga kumekwisha. Tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia mjini bila mapigano. Majandarme wake wengi walikuwa wamekwisha kuifuata njia ya reli kuelekea Dilolo na Angola. Kutokana na hao na wafuasi wao ndiyo iliundwa FNLC, iliyoongozwa na Nathanaël Mbumba. Tarehe 8 Machi 1977 wapiganaji wake walivuka mpaka, wakaiteka Dilolo, Kapanga, Sandoa, Kasaji na Mutshatsha, wakazuiwa kabla ya kufika Kolwezi baada ya Mfalme Hassan II wa Moroko kuleta askari wapatao 1,500 kwa ndege za Ufaransa. Mwaka uliofuata walirudi kwa kupitia Zambia, na tarehe 13 Mei 1978 wakauteka mji wenyewe. Tarehe 19 kikosi cha Jeshi la Kigeni la Ufaransa, chini ya Kanali Philippe Erulin, kiliruka kwa miavuli. Kesho yake askari wa miavuli wa Ubelgiji wakafika uwanjani kwa ndege.

Vita vya 1977 vimezoeleka kuitwa vya siku themanini, na vya 1978 vya siku sita. Mara ya kwanza majina haya huonekana kama hesabu tupu isiyo na upande. Lakini kila hesabu ina anayehesabu. Siku sita ni zile zilizopita kati ya tarehe 13, siku wapiganaji walipoingia, na tarehe 19, siku Wafaransa waliposhuka. Mwanzo wa vita, basi, ni kuingia kwa FNLC, na mwisho wake ni kuwasili kwa waokoaji. Mkazi wa Manika, ambako mapigano yaliendelea baada ya miavuli kutua, na ambako jeshi la Mobutu lilirudi na hasira zake, hakuwa na sababu ya kuacha kuhesabu siku ile. Wala hakuwa nayo yule aliyetembea kwa miguu hadi Angola au Zambia pamoja na makumi ya maelfu ya wenzake. Hesabu ya siku sita ni hesabu ya aliyekuwa akisubiri ndege.

Jambo hilo hilo linajitokeza katika hesabu ya wafu. Vitabu hutofautiana juu ya idadi ya Wazungu waliouawa, lakini hutofautiana kama watu wanaobishana juu ya orodha: zaidi ya mia moja, kwa majina, na nyumba ya mtaa wa P2 walimokutwa wengi wao inajulikana. Waafrika ni mamia kadhaa. Neno "kadhaa" ndilo kaburi lao.

Kazi iliyoeneza zaidi jina la mji huu ni filamu ya Raoul Coutard ya mwaka 1980, iliyotokana na kitabu cha Pierre Sergent, ofisa wa zamani wa Jeshi la Kigeni. Zote mbili zina anwani moja, *La légion saute sur Kolwezi*. Mwanaisimu hana haja ya kuvuka anwani hiyo ili kuielewa kazi nzima. Mtenda ni Jeshi. Kitendo ni kuruka. Kolwezi ni mahali pa kurukiwa, kijalizo cha kihusishi, kama vile meza juu yake kitu kimedondoshwa. Huenda ikadaiwa kuwa hiyo ni desturi ya sarufi ya Kifaransa na kwamba hakuna ubaya ndani yake. Hata hivyo, sarufi ya Kiswahili inaonyesha kuwa njia nyingine ipo. Kiswahili kinaweza kusema: *Kolwezi kulishuka askari*. Katika sentensi hiyo kiambishi *ku-* kinapatana na mahali. Mji ndio unaoshika nafasi ya kiima, na askari wamesogezwa nyuma ya kitenzi, kama wageni wanaotajwa baada ya mwenyeji. Kiswahili cha Katanga kimekwenda mbali zaidi katika kuutunza umahali, kwani husema *ku Kolwezi*, *mu Manika*, kikitumia viambishi vya mahali mbele ya nomino kama zifanyavyo lugha za jirani. Si kwamba anayezungumza hivyo anatoa tamko la kisiasa kila anapotaja mtaa wake. Ila lugha yake inamruhusu kuanza na mahali, na filamu haikuwa na njia hiyo, au haikuitafuta.

Filamu ya Richie Smyth ya mwaka 2016, *The Siege of Jadotville*, ina kasoro ya aina yake. Inahusu kikosi cha Waayalandi wapatao 155 chini ya Pat Quinlan, waliozingirwa na askari wa Katanga kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961 hata wakajisalimisha bila mmoja wao kufa. Uhodari wao haukanushwi. Kwa kweli nchi yao wenyewe ilichelewa sana kuutambua. Lakini anwani inasema mji ndio uliozingirwa, hali mji ulikuwa mikononi mwa waliozingira. Na jina lenyewe la mji, lililotokana na mhandisi Mbelgiji Jean Jadot, limebaki katika historia ya kijeshi tu. Mahali penyewe ni Likasi. Mtoto wa Likasi anaweza kuitazama filamu nzima bila kujua kuwa ni kwao.

Juu ya majina ya operesheni hakuna haja ya kukawia. Umoja wa Mataifa ulikuwa na Rumpunch, Morthor, Unokat na Grand Slam: pombe, neno la Kihindi la kuvunja, kifupisho, na ushindi wa mchezo wa karata. Wafaransa waliiita yao ya 1978 Bonite, yaani samaki wa jamii ya jodari, katika mji ulio zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari yoyote. Majina ya namna hii hutungwa makusudi ili yasimaanishe kitu, na hilo limefanikiwa.

Majina ya wapiganaji yana uzito zaidi. Askari wa Tshombe waliitwa *gendarmes*, neno la dola, na jina hilo likawaganda hata dola yao ilipokufa. Walipokuwa Angola chini ya Wareno waliitwa *fiéis*, yaani waaminifu, wakapigana upande wa mkoloni. Ilipofika 1975 walikuwa upande wa MPLA. Baadaye wakajulikana kama *Tigres*, na kwa jina hilo walirudi mwaka 1997 kuisaidia AFDL ya Laurent-Désiré Kabila kumwondoa Mobutu. Kundi moja, au warithi wa kundi moja, lilipita katika majina matatu, na hakuna hata moja lililotungwa katika lugha waliyoitumia wapiganaji wenyewe kuombana maji. Jimbo nalo halikusalimika. Mwaka 1971 Mobutu aliifuta Katanga na kuiita Shaba. Neno ni la Kiswahili, lakini ni Kiswahili kilichotoka pwani. Lugha za Kibantu za ukanda huo zina *mukuba*. Hivyo hata pale Kiswahili kilipopewa heshima ya kuwa jina la jimbo, kilitumika kufuta jina lenye kumbukumbu ya kujitenga na kuweka jina la bidhaa badala yake. Katanga ilirudishwa mwaka 1997, na tangu 2015 Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba.

Swali linalofuata ni iwapo kuna kazi ambayo imeisimulia Katanga ya vita kwa Kiswahili chake. Zipo, na mbili zinajulikana vyema kwa wanaofuatilia taaluma hii. Ya kwanza ni *Vocabulaire de la ville d'Elisabethville*, iliyopigwa chapa mwaka 1965 na André Yav kwa ajili ya watumishi wa majumbani, na kutolewa pamoja na tafsiri na Johannes Fabian mwaka 1990. Jina lake ni la Kifaransa, lakini matini ni ya Kiswahili. Thamani yake iko hasa katika simulizi la utawala wa Kibelgiji kama ulivyoonekana kutoka jikoni kwa bwana.

Ya pili ndiyo yenye kuhusu zaidi mada hii. Ni msururu wa picha 101 za mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947 katika jamaa ya Waluba wa Kasai. Alizichora miaka ya 1973 na 1974, akamsimulia Fabian maelezo yake kwa Kiswahili huku kinasasauti kikirekodi. Picha hizo na tafsiri ya maelezo vilitolewa mwaka 1996 katika *Remembering the Present*. Mazungumzo yenyewe ya Kiswahili yalitolewa baadaye. Tshombe na kujitenga kwake vimo, Umoja wa Mataifa umo, na kifo cha Lumumba kimo, kikiwa na misalaba mitatu kilimani, kana kwamba Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961, walikufa Golgota. Mwanahistoria wa kijeshi hatapata mengi hapo. Ambaye anataka kujua vita vilimaanisha nini kwa mtu aliyenunua picha ili aitundike sebuleni, atapata mengi.

Wachoraji wa Katanga na wanunuzi wao walikuwa na neno kwa ajili ya picha za namna hii: *ukumbusho*. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walilichambua mapema, katika makala yao ya mwaka 1976, na sifa wanastahili. Lakini anwani ya Kiingereza ya kitabu cha baadaye ililiacha jambo moja ambalo mwanafunzi wa mofolojia hawezi kuliacha. Katika anwani hiyo mtu ndiye anayekumbuka. *Ukumbusho* hautokani na *kumbuka* bali na *kumbusha*. Una kiambishi cha kusababisha. Picha ndiyo inayotenda, na aliyeketi mbele yake anatendewa. Kiswahili kina pia *kumbukumbu*, nomino ya kurudufiwa, ambayo ndiyo inayotumika kwa mafaili ya ofisi na majalada ya mkutano. Kumbukumbu huhifadhiwa, hufungwa, hupotea. Ukumbusho humsumbua mtu nyumbani kwake. Vitabu vya Kifaransa juu ya Kolwezi vimejaa kumbukumbu, na baadhi ni nzuri. Ukumbusho wa aina ya Tshibumba haupatikani ndani yake, kwa sababu havikuandikwa ili visomwe Manika.

Hata hivyo ingekuwa kosa kumfanya Tshibumba mtakatifu wa historia ya walalahoi, kama wahakiki wengine wanavyoelekea kufanya. Kwanza, historia yake ni historia ya wakubwa kuliko inavyokubaliwa. Leopold II, Lumumba, Tshombe na Mobutu ndio nguzo zake. Umati husimama kando. Pili, mizani yake imeinama: Lumumba ni mfano wa Yesu, na anayefananishwa na Yesu huwaachia wapinzani wake nafasi chache za kuwa. Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, msururu ule ulikamilika miaka mitatu kabla ya vita vya siku themanini. Kolwezi ya 1978 haimo, wala haingeweza kuwamo. Mchoraji mwenyewe hajulikani alipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kuna jambo jingine ambalo halijapewa uzito wa kutosha. Mwaka 1980, Tshibumba aliandika kwa mkono historia ya Zaire ya kurasa zaidi ya sabini, ambayo Jan Blommaert ameichambua kwa kirefu katika *Grassroots Literacy* cha 2008. Aliiandika kwa Kifaransa. Mtu yule yule aliyesimulia kwa Kiswahili chenye nguvu na ucheshi, alipochukua kalamu aliingia katika lugha ambayo tahajia yake ilimshinda. Blommaert anaeleza kwa haki mazingira ya kielimu na kiuchumi yaliyosababisha hali hiyo. Lakini idara za Kiswahili hazina budi kujiuliza sehemu yao. Kama msimuliaji hodari kuliko wote wa Katanga aliona kuwa Kiswahili chake kinafaa kwa kinywa na picha lakini si kwa historia iliyoandikwa, wazo hilo alilipata mahali fulani. Shuleni alifundishwa kuwa lugha ya kitabu ni Kifaransa. Na wale waliokuwa wakikitetea Kiswahili, kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi, wengi wao walikuwa wakitetea Kiswahili kingine. Kwao *batu* lilikuwa kosa la *watu*, na *vita ya* lilikuwa kosa la *vita vya*. Ni ajabu kwamba lahaja hii imekubaliwa jukwaani, ambako kundi la Mufwankolo la Lubumbashi liliitumia kwa miaka mingi mbele ya watazamaji waliofurika, lakini katika tasnifu hubaki kuwa mfano wa athari za lugha mama. Hata Donatien Dibwe dia Mwembu, ambaye kazi yake juu ya familia za wafanyakazi wa migodi ni ya msingi, alipotoa kitabu chake mwaka 2001 aliweka *Bana Shaba* kwenye jalada, kisha Kifaransa kikafuata hadi ukurasa wa mwisho.

Msimamo huu, hata hivyo, una hatari yake, na ingekuwa si haki kuinyamazia. Kuna waonao kuwa ukikipa Kiswahili cha Katanga nafasi yake, umewapa wanyonge sauti, na shauri limekwisha. Mambo ya miaka ya 1992 na 1993 yanakataa. Katika miezi ile, Gabriel Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana na vijana wa chama cha UFERI wakiwa barabarani, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa maelfu kwa maelfu. Walilala katika stesheni za reli wakisubiri mabehewa, na wengi walikufia hapo au njiani. Walipewa jina, na jina hilo halikutoka Paris wala New York. Waliitwa *bilulu*, yaani wadudu. Lilisemwa na wakazi wa miji hiyo hiyo, katika lugha waliyoitumia sokoni na hao waliokuwa wakiwafukuza. Kama Tshibumba alikuwa hai mwaka ule, jina hilo lilimhusu.

Vitabu vya shule vya Afrika Mashariki huviweka vita vya Kongo chini ya kichwa "vita vya wenyewe kwa wenyewe". Usemi huu hutumiwa kama tafsiri ya kawaida, na mara nyingi hausaidii: mahali palipokuwa na Waayalandi, Wahindi, Waethiopia, mamluki wa Bob Denard, Wamoroko na Wafaransa, "wenyewe" ni wachache. Lakini katika Katanga neno hili lina makali ambayo kitabu cha shule hakiyaoni. *Mwenyewe* ni yule yule wa "yeye mwenyewe", na pia ni mwenye mali, mwenye nyumba. Vita vya 1960 na vurugu za 1992 vilihusu hasa swali la nani ni mwenyewe wa Katanga na nani ni mgeni, hata akiwa amezaliwa hapo kama baba yake. Kuviita vya wenyewe kwa wenyewe ni kulijibu swali kabla ya kuliuliza. Waliojiita *Bakata Katanga*, ambao tarehe 23 Machi 2013 waliingia Lubumbashi wakiwa na bendera ya Tshombe, walilijibu kwa njia nyingine, na angalau jina lao ni la Kiswahili cha mahali, likiwa na *ba-* yake na kitenzi chake *kata*, bila kuomba ruhusa ya mhariri.

Kazi ya kukusanya masimulizi ya Kolwezi ya 1978 kwa lugha yaliyomo bado inawezekana, kwani aliyekuwa na miaka ishirini siku ile yuko katika sitini na ushei. Itakapofanyika, swali la kwanza la mhariri litakuwa la tahajia na usanifu, na litaonekana dogo. Mfano mmoja unatosha kuonyesha kuwa si dogo. Chukua neno *bilulu*. Mhariri mwangalifu, mwenye kamusi mezani, atalisahihisha liwe *wadudu*. Maana ya kamusi itakuwa sawa. Lakini *wadudu* katika Kiswahili sanifu limo katika ngeli ya kwanza na ya pili, pamoja na watu, watoto na wageni, na huchukua *wa-* kama wao. *Bilulu* lina *bi-*, kiambishi cha vitu, na waliolitumia walikuwa wakiwatoa jirani zao katika *ba-* na kuwaweka kati ya vyungu na viti. Msomaji wa matini iliyosahihishwa atasoma tusi. Aliyekuwa stesheni ya Likasi akisubiri behewa alisikia kitu kingine.